Shanta ya Mpanda Pikipiki Si Kanda la Usufi

Msafiri wa pwani ashukapo basi mjini Migori alfajiri, kabla hajanyoosha miguu atakuwa amekwisha kuzungukwa na pikipiki. Huyu ampigia honi, yule amshikia begi, wa tatu amekwisha kuwasha moto na auliza safari ni ya wapi: Isebania mpakani, Muhuru Bay ziwani, au Nyatike kwenye machimbo ya dhahabu? Mji huo wazee wengi wauita Suna. Posta nayo haikuliacha jina hilo, kwani barua za 40400 ni za Suna hadi leo, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 pana majimbo mawili ya bunge, Suna Mashariki na Suna Magharibi. Ni nchi ya miwa, tumbaku, dhahabu na samaki, na vyote hivyo, kwa njia moja au nyingine, hupanda pikipiki.

Lakini leo, wapenzi wasomaji, hatuitazami pikipiki yenyewe. Twaitazama migongo ya wanaoipanda. Mwalimu aenda shuleni na madaftari ya darasa zima. Afisa wa kilimo ana mbegu na karatasi zake. Mhudumu wa afya wa kijijini, ambaye mwaka 2023 serikali ilimpa yeye na wenzake zaidi ya 100,000 nchini kote vipima shinikizo la damu, vipima sukari na mizani ya watoto, abeba zahanati nzima mabegani. Na bodaboda mwenyewe ana koti lake la mvua, chakula chake na fedha za siku. Kila mmoja ana mfuko, na mingi ya mifuko hiyo haikushonewa safari kama hizo. Utaona begi la mtoto wa chekechea lenye picha za katuni limembana mtu mzima makwapani. Utaona mfuko wa kompyuta wenye jina la kampuni ya Ulaya, mkanda mmoja umekatika na mahali pake pamefungwa kamba ya katani.

Swali la mfuko upi wamfaa mpanda pikipiki laonekana dogo. Haliwi dogo siku mkanda unaoning'inia unapoingia katika mnyororo, au siku mtu anapoanguka chali juu ya kufuli la chuma alilolitia mwenyewe mgongoni asubuhi.

Kwanza tulipe neno haki yake. Sisi watu wa pwani tunalo jina zuri la mfuko wa mgongoni, nalo ni shanta. Waarabu husema shanta, nao walilipokea kwa Waturuki ambao kwao ni chanta. Siku hizi vijana wetu wapendelea kusema begi, na hapana ubaya, ila begi laweza kuwa la mkononi, la begani au la kukokotwa kwa magurudumu. Shanta ni ya mgongo.

Lipo neno jingine ambalo limesafiri safari ya ajabu zaidi. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipokuwa ikipanda bara hadi kwa Nabongo Mumia, mzigo wa nguo aliofungiwa mpagazi uliitwa mtumba. Mtumba mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 60 hadi 70, na mpagazi aliuchukua kichwani au begani. Leo mtumba umegeuka kuwa nguo na mifuko iliyokwisha kutumika Ulaya na Marekani, ikashushwa bandarini Mombasa, ikafunguliwa Kongowea na masoko mengine, ikafika hata Suna. Kwa hiyo mtu wa Migori anaponunua shanta ya mitumba, ametoa mfuko kwenye robota linaloitwa kwa jina la mzigo wa mpagazi. Bara lile lile, neno lile lile, na bado mgongo ndio unaoumia.

Ama kuhusu mgongo huo, Lamu walikwisha kutupa jawabu zamani. Mtazame punda wa Lamu akipita vichochoroni na mchanga au matofali. Mwenyewe hakubeba kitu. Mzigo umo katika shogi, lile fuko kubwa la ukili linalotupwa juu ya mgongo wa mnyama likaning'inia pande zote mbili, kulia na kushoto kwa uzito ulio sawa. Mzigo u chini, u karibu na mwili wa punda, nao hauchezi. Hakuna fundi wa mitambo atakayekuja na kanuni bora kuliko hiyo: kizito kibebwe na mnyama, kikae chini, kigawanywe pande mbili.

Pikipiki nayo ni mnyama wa namna hiyo. Wazee wetu wengine waliiita tukutuku. Hizi ndogo zilizoenea Kenya tangu serikali ilipoziondolea ushuru zile zisizozidi ujazo wa 250, kiasi cha mwaka 2008, zina keria ya chuma nyuma ambayo haichoki wala haipati maumivu ya kiuno. Kilo 15 zilizofungwa sawasawa kwenye keria kwa mipira ya tyubu ni mzigo mdogo kwake. Kilo hizo hizo zikiwa mabegani mwa mtu ni adhabu. Humvuta nyuma anapopanda mlima na kumsukuma mbele anaposhika breki, mpaka viganja vyake vilemewe na usukani. Kwenye kona mwili walala upande mmoja na mfuko wataka kubaki upande mwingine. Barabarani kwenye lami haya hayaonekani sana. Lakini tokeni kidogo nje ya ile barabara kuu ya Kisii kwenda Isebania, mwingie njia za udongo mwekundu wakati wa masika, au ule udongo mweusi unaonata kando ya ziwa upande wa Homa Bay, ndipo mtakapoona mtu akilala chini kwa sababu tu mfuko wake uliyumba wakati gurudumu la mbele lilipoteleza.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji wa mifuko naye husema hivyo hivyo: chukua kubwa tu, ndugu yangu, utatia vitu vyote! Usimsikilize. Kwa rai yangu, shanta ya pikipiki isizidi ujazo wa lita 25 au 30, na ikisha kujazwa isizidi kilo 6 au 7. Mfuko mkubwa una tabia moja mbaya, kwamba hauachi nafasi yake iwe tupu. Kinachostahili kukaa mgongoni ni kile chepesi chenye thamani, ambacho mtu hataki kukiacha kwenye keria anaposhuka kunywa chai: karatasi, fedha, simu, dawa, kitambulisho, nguo moja ya kubadilisha. Mwenye kununua dhahabu Nyatike hahitaji mfuko mkubwa, na akiwa na akili hatataka uonekane kabisa.

Sasa tuuvae tuone. Mikanda ya mabegani iwe mipana, walau vidole vinne, na iwe na sponji imara ambayo ukiibonyeza hurudi. Mkanda mwembamba hukata bega kama uzi wa nyavu, na baada ya saa moja mkono hufa ganzi. Mkono uliokufa ganzi haushiki breki vizuri. Kisha utafute mkanda wa kifuani, ule unaounganisha mikanda miwili mbele. Wengi huukata wakidhani ni urembo wa Wazungu. La, huo ndio unaoizuia mikanda isiteleze mabegani wakati upepo wa kilomita 60 kwa saa unapopepea. Mkanda wa kiunoni ni muhimu vile vile, kwani hushusha uzito kutoka mabegani hadi nyongani na kuufanya mfuko ushikane na mwili.

Jaribio la kweli hufanywa juu ya kiti cha pikipiki, siyo mbele ya kioo cha duka. Mtu asimamapo, shanta hukaa mahali pake. Aketipo na kuinama kidogo kushika usukani, hupanda. Kama kichwa chake cha juu chagota helmeti nyuma ya shingo, haifai, maana mwendeshaji hataweza kuinua uso atazame mbali wala kugeuka kuangalia gari lililo nyuma. Mfuko mfupi ni bora kuliko mrefu. Kitako chake nacho kiguse kiti kwa mbali tu, kiti kikisaidie kubeba, lakini kisigandamizwe hata kila tuta likaupiga mfuko kuelekea shingoni. Haya hurekebishwa kwa kuvuta na kulegeza mikanda, na ncha zitakazobaki zikining'inia zikunjwe na kushonwa au kufungwa kwa raba. Hapo sisemi kwa mzaha. Ncha ndefu ya mkanda ikipeperushwa huweza kufika kwenye mnyororo, na hata ikikosa mnyororo, ekzosi yaweza kuiyeyusha.

Kuhusu mambo ya kuning'inia, dada zetu wa pwani waendao bara wanajua lililo zito kuliko mkanda. Buibui, mtandio mrefu na pindo la kanzu huingia katika njiti za gurudumu la nyuma kwa kufumba na kufumbua, na nguo nzuri haikatiki upesi, humvuta mtu. Kabla ya kupanda, pindo likusanywe na kukaliwa, na mtandio utiwe ndani ya koti. Shanta hapa huwa msaada, kwani ikivaliwa juu ya buibui na mkanda wa kiunoni ukafungwa, nguo hubanwa mahali pake. Nimewaona wanawake wafanyao hivyo bila kufundishwa na mtu.

Abiria naye alete hesabu nyingine. Bodaboda mwenye mteja nyuma hawezi kuvaa mfuko mgongoni, kwani ataishia kumsukuma mteja hadi kwenye keria. Ndiyo sababu wengi huuvaa kifuani. Mfuko mdogo, mwembamba, uliobanwa juu ya tumbo hauna neno. Lakini ukiwa mnene, usukani utauparuza kila unapokata kona, na macho hayataona saa ya mwendo. Ikiwa mteja ndiye mwenye shanta, aivae yeye mgongoni mwake mwenyewe, akijua kwamba uzito huo u nyuma kabisa ya pikipiki na gurudumu la mbele litakuwa jepesi kwenye mlima. Basi awe na kitu kidogo. Vifuko vya pembeni, yaani lile shogi la punda katika umbo la turubali, ndivyo vingeondoa shida hii yote, na fundi yeyote wa mahema aweza kuvishona. Sijui ni kwa nini havijaenea. Labda kwa kuwa abiria hutaka mahali pa kuweka miguu.

Kuna jambo moja linalosahauliwa hata na watu waangalifu. Sheria ya barabarani ya Kenya yamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na koti la kumetameta, na abiria asizidi mmoja. Mtu hutii, akavaa koti lake la manjano safi, kisha juu yake akatundika shanta nyeusi inayofunika mgongo wote! Dereva wa lori ajaye nyuma usiku kutoka Isebania haoni koti. Aona kiza kinachotembea. Tiba ni rahisi. Koti livaliwe juu ya mfuko kama ni pana la kutosha, au ichaguliwe shanta yenye utepe wa kumetameta, au utepe huo ushonwe na fundi cherehani kwa muda wa kunywa kahawa. Rangi nayo isaidie. Nyeusi huficha uchafu, hilo nakubali, lakini shanta si kanzu ya kuendea arusini.

Tukija kwenye ununuzi, mitumba haidharauliki hata kidogo. Shanta iliyotumika miaka mitano na bado imesimama imekwisha kufaulu mtihani ambao mpya haijaufanya. Mpya nyingi za bei nafuu hung'aa dukani, na kabla ya vuli mshono wa bega umefumuka. Lakini mitumba yataka macho na mikono.

Anza na mshono pale mkanda unapokutana na mfuko. Pawe pameshonwa mara nyingi, huku na huku, au kwa alama ya mraba wenye msalaba ndani yake. Mshono wa mstari mmoja ni ahadi ya uongo. Shika mkanda, kanyaga kitako cha mfuko kwa mguu, vuta kwa nguvu; muuzaji akilalamika, jua naye hauamini. Halafu fungua na kufunga kila zipu mara kadhaa, nenda nayo mpaka pembeni kabisa ambako ndiko hukwama. Tazama kichwa cha zipu. Ukikuta herufi YKK, ni za kampuni ya Japani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, na zipu zake huvumilia sana. Wako wanaoiga herufi hizo, kwa hiyo usiziamini kuliko vidole vyako. Zipu ya plastiki yenye meno makubwa huvumilia vumbi kuliko ile nyembamba, na zipu ya chuma hupata kutu karibu na chumvi ya kwetu pwani.

Kitambaa nacho kina siri zake. Katika vibandiko utakuta maandishi kama 600D au 1000D. Hiyo ni denia, kipimo cha uzito wa uzi: chukua uzi wa meta 9,000, upime, na gramu utakazopata ndizo denia zake. Uzi wa 600 wa poliesta watosha kwa shughuli za kila siku. Wa 1000 wa nailoni ni wa mtu anayetarajia kuanguka, au anayepita kwenye michongoma. Pindua mfuko, tia mkono ndani na upapase. Mifuko mingi imepakwa utando wa ndani wa kuzuia maji, na utando huo huzeeka hata ukiwa kabatini. Ukinata vidoleni, ukimenyeka kama ngozi ya aliyeungua jua, au ukitoa harufu ya uchachu, mvua ya kwanza itapita moja kwa moja. Bizimu za plastiki zisikilizwe: zikifungwa ziseme tap! Zenye ufa zikataliwe, ingawa fundi wa viatu aghalabu anazo za kubadilisha.

Mvua yenyewe haina huruma. Karibu na ziwa wingu laweza kukusanyika baada ya adhuhuri na kumwagika kabla mtu hajafika kwenye kibanda cha karibu. Maneno yasemayo kuwa mfuko unastahimili maji maana yake ni manyunyu, si mvua ya Homa Bay inayokupiga kifuani kwa mwendo wa pikipiki. Vile vifuniko vyepesi vinavyovishwa juu ya shanta kama kofia hushikwa na upepo vikawa tiara, na vikitoka huruka usoni mwa ajaye nyuma. Ulinzi wa kuaminika huanzia ndani. Zamani kila mtu alikuwa na mfuko wa plastiki wa dukani, akatia karatasi zake humo, kazi ikaisha. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imeipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa, na kwa kweli mitaro yetu imepumua. Badala yake, mfuko wa turubali laini ambao mdomo wake hukunjwa mara tatu kisha kufungwa kwa bizimu ndio bora. Fundi aweza kuushona na kuugandisha maungio. Asiye nao huchukua kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, akatia ndani yake simu, fedha na vile vipima vya wagonjwa. Kopo halina uzuri, lakini halivuji.

Ila kopo hilo, na kila kigumu, kisikae upande wa uti wa mgongo. Hapa ndipo pa kupanga kwa uangalifu. Karibu na mgongo iwekwe nguo, koti, taulo au msala wa kuswalia uliokunjwa. Karatasi na vitabu vifuate. Vigumu viende upande wa nje na chini. Kufuli, bisibisi, spana, panga na jiwe la mizani visiingie kabisa katika shanta. Mahali pake ni chini ya kiti au kwenye keria. Anayeanguka kutoka pikipiki mara nyingi huanguka pamoja na mfuko wake, na chochote kilichomo hugeuka kuwa jiwe kati yake na lami. Wapo wauzao mifuko yenye ubao mgumu nyuma wakidai kuwa ni ngao. Ngao za mgongo za kweli hupimwa kwa nyundo maabarani, na huko Ulaya huwa na nambari ya kiwango EN 1621-2. Mfuko usio na nambari hiyo ni mfuko tu.

Vumbi la machimbo na la njia za Nyatike huingia kwenye meno ya zipu na kuyasaga kama msasa. Kila juma shanta itikiswe, zipu zipigwe mswaki mkavu, kisha zipakwe nta ya mshumaa kidogo. Ifuliwe kwa mkono na sabuni ya kawaida, ianikwe kivulini ikiwa imepinduliwa nje ndani, kwa sababu jua kali hula nailoni kama linavyokula kamba za jahazi.

Ama harufu ya omena, wale dagaa wa ziwa wanaouzwa Muhuru Bay na Homa Bay kwa kopo, hiyo ni habari nyingine. Bei yake humshawishi mgeni, naye husema nitatia kidogo tu humu mgongoni, nimefunga kwenye gazeti. Omena wafungwe kwenye keria. Wakisha kuingia katika shanta, siki na jua la siku tatu huipunguza harufu, kuiondoa, la.